Kati ya Mizani na Uzima: Uhakiki wa Lugha ya Uzito wa Mwili katika Matini za Afya kwa Muktadha wa Tarime na Serengeti

Ikisiri

Makala haya yanahakiki lugha inayotumiwa kuelezea uzito wa mwili katika matini za afya za Kiswahili, yakiitazama lugha hiyo kutoka wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara. Uhakiki umeongozwa na mkabala jumuishi wa uzito, yaani mkabala wa afya usioufanya uzito kuwa kigezo cha kwanza cha kumpima mtu wala lengo la kwanza la kumtibu. Vitu vinne vinachambuliwa: msamiati wa kila siku wa unene na wembamba, istilahi kiribatumbo, kadi ya kliniki ya mtoto, na riwaya ya Aniceti Kitereza kuhusu Myombekere na Bugonoka. Hoja inayotetewa ni kwamba Kiswahili kina njia mbili za kuuzungumzia mwili wenye afya, njia ya uzito na njia ya uzima, na kwamba matini za afya zimeshika ya kwanza na kuiacha ya pili. Hata hivyo, makala yanaonesha kuwa uzima nao si dhana isiyo na lawama. Sharti uhakikiwe kabla ya kutumiwa.

1. Utangulizi

Mgonjwa anapoingia katika zahanati, mara nyingi huombwa kupanda juu ya mizani kabla hajaulizwa kinachomsumbua. Namba huandikwa kwenye daftari lake, naye huenda nayo hadi chumba cha daktari. Utaratibu huo una sababu zake za kitabibu: dozi za baadhi ya dawa hukokotolewa kwa kilo, na uzito unaopungua bila sababu huweza kuwa dalili ya kifua kikuu au maradhi mengine. Kinachostahili kuhakikiwa si mizani, bali maneno yanayofuata baada ya mizani kusomwa. Mtu huambiwa kuwa "amezidi", kwamba "apunguze mwili", kwamba "amekwisha", au kwamba "amenawiri". Hakuna hata moja kati ya kauli hizo iliyo kipimo tu. Kila moja ni hukumu, na mhukumiwa huibeba mpaka nyumbani.

Wilaya za Tarime na Serengeti zinafaa kuwa mahali pa kuitazamia lugha hiyo kwa sababu tatu. Kwanza, ni eneo la lugha nyingi. Kikurya huzungumzwa katika wilaya zote mbili, na upande wa Serengeti hukaa pamoja na Kingoreme, Kiikoma, Kinata, Kiisenye na Kidatoga. Lugha inayoandikwa kwenye kadi, mabango na vipeperushi vya afya ni Kiswahili. Kwa hiyo kwa wakazi wengi, hasa wazee, mwili unaosemwa nyumbani kwa lugha moja husemwa upya kliniki kwa lugha nyingine, na hii ya pili huja ikiwa imevaa mamlaka ya serikali na ya sayansi.

Pili, ni nchi ya wakulima na wafugaji, ambako kunenepa na kukonda ni mambo ya ng'ombe kabla ya kuwa ya watu. Tatu, maisha yanabadilika. Mgodi wa dhahabu wa North Mara ulioko Nyamongo, biashara ya mpakani Sirari, na shughuli za utalii zinazoizunguka Hifadhi ya Taifa ya Serengeti vimeleta kazi za mshahara, safari za pikipiki na vyakula vya kununua katika vijiji ambavyo kumbukumbu yake ya njaa haijafutika. Shetler (2007), anayeandika historia ya jamii za magharibi mwa Serengeti, anaonesha jinsi maafa ya mwishoni mwa karne ya 19, yakiwemo sotoka ya ng'ombe, maradhi ya watu na njaa, yalivyovunja na kuunda upya jamii hizo. Katika nchi yenye historia hiyo, mwili mnene haukuanza kuwa tatizo la afya. Ulianza kuwa ushahidi kwamba mtu amesalimika.

Uhakiki huu ni wa matini na msamiati. Unauliza swali moja: Kiswahili cha afya kinamfanyia nini mtu anayesemwa nacho?

2. Mkabala jumuishi wa uzito na historia ya kipimo

Tylka na wenzake (2014) wanatofautisha mikabala miwili ya afya. Wa kwanza huutanguliza uzito: huchukulia kwamba kuna uzito wa kawaida, kwamba anayeupita ni mgonjwa au yu njiani kuugua, na kwamba tiba yake ni kuupunguza. Wa pili, ambao hapa unaitwa mkabala jumuishi wa uzito, huanza na hali ya mtu: shinikizo lake la damu, sukari yake, usingizi wake, chakula anachoweza kukipata, kazi aifanyayo, na heshima anayopewa anapotafuta tiba. Mkabala huu haudai kwamba uzito hauhusiani kamwe na maradhi. Unadai kwamba kuufanya uzito kuwa lengo kuu huleta matokeo haba, kwa kuwa wengi waliopungua huurudia uzito wao baada ya muda, huku aibu wanayotiwa ikibaki. Puhl na Heuer (2010) wanaongeza kwamba aibu hiyo haimfanyi mtu awe na afya bora. Humwondoa kwenye huduma.

Kipimo kinachotumiwa zaidi katika mkabala wa kwanza, yaani uwiano wa uzito na urefu, kina historia isiyosimuliwa kliniki. Adolphe Quetelet, mwanahisabati na mnajimu wa Ubelgiji, alikibuni katika miaka ya 1830 akitafuta sifa za "mtu wa wastani" katika jamii. Hakuwa tabibu, wala hakukusudia kumpima mgonjwa mmojammoja. Ancel Keys na wenzake ndio waliokipa jina lake la sasa mwaka 1972. Baadaye viwango vya 25 na 30 vilienezwa duniani kuwa mipaka ya uzito uliozidi na unene uliokithiri. Mwaka 2004 wataalamu walioitishwa na Shirika la Afya Duniani walikiri kwamba kwa watu wa Asia hatari huweza kuanza chini ya mipaka hiyo, na mwaka 2023 Chama cha Madaktari cha Marekani kiliwatahadharisha wanachama wake wasikitegemee kipimo hicho peke yake.

Kuna ushahidi mwingine unaoigusa Afrika kwa karibu. Mwaka 1985 Shirika la Afya Duniani lilitambua aina ya kisukari inayohusiana na utapiamlo, kisha mwaka 1999 likaiondoa katika uainishaji wake. Mwaka 2025 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari liliirudisha kwa jina la kisukari cha aina ya tano. Huu ni ugonjwa wa watu wembamba, mara nyingi waliokosa chakula cha kutosha utotoni. Mahali ambapo kisukari kimefundishwa kuwa ugonjwa wa wanene, mwembamba huyo anaweza kufika kliniki na kurudi nyumbani bila kupimwa sukari. Hapo lugha si pambo la huduma. Ni sehemu ya utambuzi wa ugonjwa.

3. "Ana mwili": msamiati wa kila siku

Msamiati wa Kiswahili wa kila siku hauko upande mmoja. Ukitazamwa kwa makini, una tabaka angalau tatu, na kila tabaka lina maadili yake.

Tabaka la kwanza ni la sifa. Mtoto mnene husemwa kuwa "ana afya", kana kwamba unene na afya ni neno moja. Mtu aliyeongezeka huambiwa "umenawiri", kwa kitenzi kinachohusiana na nuru. Aliyepona hurudisha mwili, na mtu mnene "ana mwili". Usemi huu wa mwisho unastahili kusimamiwa kidogo. Ikiwa mnene ndiye mwenye mwili, basi mwembamba anasemwa kana kwamba hana. Hali hiyo inathibitishwa na kitenzi anachoambiwa aliyekonda: "umekwisha". Sarufi ya salamu inamweka mwembamba mlangoni mwa kaburi. Msemo "mwili haujengwi kwa matofali", unaotumika kumhimiza mtu ale, unaendeleza picha ileile: mwili ni jengo, na chakula ni matofali yake.

Katika nchi ya wafugaji picha hiyo hupata nguvu zaidi. Kiswahili hutenganisha kunona kwa mnyama na kunenepa kwa mtu, lakini matumizi huvuka mpaka huo kwa urahisi. Ng'ombe aliyenona ni mali iliyo salama. Aliyekonda kiangazi ni onyo. Mfugaji husoma mifupa ya ng'ombe wake kama mkulima asomavyo mawingu, na usomaji huo una akili: haumlaumu ng'ombe kwa kukonda. Unauliza malisho yako wapi, maji yako wapi, na kama kuna ugonjwa zizini. Swali linaelekezwa kwenye mazingira. Ajabu ni kwamba usomaji wa namna hiyo, ambao kila mchungaji anaujua, haumo katika matini nyingi zinazomzungumzia binadamu.

Tabaka la pili ni la hofu. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera, ng'ambo ya Ziwa Viktoria ukitazama kutoka Mara. Uganda ugonjwa huo ulijulikana kwa jina la Kiingereza lenye maana ya wembamba, jina ambalo Serwadda na wenzake waliliingiza katika maandishi ya kitabibu mwaka 1985. Tangu hapo kukonda kulikoma kuwa hali tu, kukawa tuhuma. Wembamba wa asili, wa njaa, wa kifua kikuu na wa huzuni ulisomwa kwa kamusi moja. Sifa ya "umenawiri" ikapata maana nyingine isiyotamkwa: huna ule ugonjwa. Hivyo anayedhani kwamba jamii za Kiafrika zinausifu unene kwa sababu ya mila tu anaiacha nje historia ya karibu kabisa, ambayo walioishuhudia bado wapo.

Tabaka la tatu ni la lawama ya kisiasa. Katika miaka ya Ujamaa, hasa baada ya Azimio la Arusha la 1967, lugha ya siasa ilimwita mnyonyaji kupe. Brennan (2006) ameonesha jinsi msamiati huo wa unyonyaji ulivyojenga picha ya adui wa taifa. Kupe ni sitiari ya wafugaji kabla ya kuwa ya wanasiasa: mdudu anayevimba kwa damu ya mwingine. Kitambi, ambacho kilikuwa alama ya neema, kikawa pia alama ya ulaji kwa maana ya wizi. Mwili mmoja ukaanza kusomwa kwa njia mbili: baraka nyumbani, ushahidi wa mashtaka hadharani.

Dhidi ya matabaka hayo matatu, methali hutoa sauti ya tahadhari. "Wembamba wa reli, garimoshi hupita" hukataa kuupima uwezo kwa upana. "Ukubwa wa pua si wingi wa kamasi" hukataa upande wa pili: ukubwa si ushahidi wa kilichomo ndani. Zikiwekwa pamoja, methali hizi mbili zinafanya kazi ambayo mkabala jumuishi unaitaka, yaani kumnyima mtazamaji haki ya kuhitimisha kwa jicho. Si nadharia ya afya, wala zisilazimishwe kuwa hivyo. Zinaonesha tu kwamba shaka juu ya hukumu ya umbo haikuletwa na wageni.

4. Kiribatumbo: istilahi inayotukana

Katika matini rasmi za afya nchini Tanzania, hali ya unene uliokithiri hutajwa kwa istilahi kiribatumbo. Kwa upande wa uundaji, istilahi hii ni ya kusifiwa: imetokana na maneno ya Kiswahili, ni fupi, na muundo wake unaonekana wazi, kiriba na tumbo. Tatizo limo katika uwazi huohuo. Kiriba ni mfuko wa ngozi wa kuchukulia maji. Mtu aliyeambiwa ana kiribatumbo ameambiwa kwamba tumbo lake ni mfuko uliojazwa. Istilahi imebeba tashbihi, na tashbihi imebeba kejeli.

Ulinganisho na istilahi jirani unaonesha jinsi uamuzi huo ulivyo wa pekee. Udumavu hutaja ukuaji uliokoma. Ukondefu hutaja hali ya kukonda. Shinikizo la juu la damu hutaja kinachopimwa. Hakuna kati ya hizo inayomfananisha mgonjwa na chombo. Istilahi za kukosa hutaja hali; istilahi ya kuzidi inamchora mtu. Tofauti hiyo si ya bahati. Inaakisi dhana kwamba anayekosa ameonewa na aliyezidi amejitakia.

Dhana hiyo haisimami mbele ya takwimu za nchi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 wakiwa na uzito uliozidi au unene uliokithiri, huku asilimia 34 ya watoto wa chini ya miaka mitano wakiwa wamedumaa. Kufikia utafiti wa 2022 udumavu ulikuwa umeshuka hadi asilimia 30. Hali mbili zinazotajwa kana kwamba ni kinyume hukaa katika nchi moja na huweza kukaa katika nyumba moja, mama akiwa na uzito mkubwa na mtoto akiwa amedumaa. Chungu ni kimoja. Haiwezekani kuieleza nyumba hiyo kwa lugha ya uvivu na ulafi upande mmoja na lugha ya huruma upande wa pili. Kinachoieleza ni bei ya vyakula, aina ya vyakula vinavyojaza tumbo kwa fedha ndogo, mzigo wa kazi wa mama, na maradhi ya utotoni.

Kuna pingamizi linalopaswa kujibiwa. Inaweza kudaiwa kwamba istilahi kali humshtua mtu na kumfanya abadilike, na kwamba kulainisha maneno ni kuficha hatari. Pingamizi hili lina uzito, kwa kuwa kisukari na shinikizo la damu ni hatari za kweli, na kimya huua. Lakini linachanganya ukweli na ukali. Sentensi "sukari yako iko juu, na hivi ndivyo tutakavyoishusha" ni kali kuliko neno kiribatumbo, kwa sababu inataja hatari yenyewe na kumpa mtu la kufanya. Neno kiribatumbo humwacha na umbo lake tu. Aliyetukanwa kliniki hachelewi kusikia methali ya "mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani", lakini ngama yake huwa si zahanati. Hurudi kwa wale wasiomtukana, hata kama hawana kipimo wala dawa.

5. Uzima wa Bugonoka: somo kutoka riwaya ya Kitereza

Kama njia ya uzito ina kasoro hizo, njia ya pili ni ipi? Neno uzima linatokana na kivumishi -zima, chenye maana ya kutopungua sehemu. Mzima ni asiye mgonjwa. Mzima ni aliye hai. Mtu mzima ni aliyekomaa. Kitu kizima ni kisichovunjika. Mzizi huu una ndugu zake katika lugha nyingine za Kibantu za Afrika Mashariki, mathalani -gima ya Kikikuyu, ambao nao huunganisha ukamilifu, ukomavu na afya. Anayeuliza "u mzima?" haulizi kilo. Anauliza kama hakuna kilichovunjika.

Riwaya inayoifanyia kazi dhana hiyo kwa kina zaidi katika eneo la ziwa ni ile ya Aniceti Kitereza juu ya Myombekere na mkewe Bugonoka. Kitereza aliiandika kwa Kikerewe mwaka 1945, na tafsiri yake mwenyewe ya Kiswahili ilichapishwa Dar es Salaam na Tanzania Publishing House mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ukerewe si Tarime wala Serengeti. Kikerewe na Kikurya ni lugha mbili tofauti, na maisha ya kisiwani si ya nyanda za Mugumu. Hata hivyo visiwa hivyo viko jirani na pwani ya Mara, na riwaya inabaki kuwa hazina kubwa ya fasihi ya Kiswahili kuhusu mwili, chakula na uganga katika kanda hiyo. Inatumika hapa kama matini ya jirani, si kama ushahidi juu ya Wakurya au Wangoreme.

Mgogoro wa riwaya ni wa kiafya. Bugonoka hajapata mtoto. Wazazi wake wanamrudisha kwao, na Myombekere hana budi kwenda kwa wakwe kuomba mkewe arejeshwe na kulipa faini ya pombe ya ndizi. Baadaye mganga Kibuguma anawatibu, na hatimaye wanazaliwa Ntulanalwo na Bulihwali. Ukiisoma riwaya kwa swali la makala haya, jambo la kwanza linaloonekana ni kwamba tiba haianzi kwa mganga. Inaanza kwa kurudisha uhusiano uliokatika kati ya nyumba mbili. Safari, chakula kinachopikwa kwa ajili ya mgeni, faini inayotengenezwa kwa jasho na msaada wa majirani, yote hayo ni sehemu ya matibabu kabla ya dawa yoyote kunywewa. Mwili unajulikana kwa unachofanya na kwa watu unaofungamana nao: unalima, unapika, unapokea wageni, unazaa.

Jambo la pili ni gumu zaidi. Uzima huohuo ndio unaomtesa Bugonoka. Kwa kuwa mtu mzima ni aliyekamilika, na ukamilifu wa mwanamke umepimwa kwa uzazi, asiyezaa anaonekana kuwa na pengo hata kama hana maumivu. Hana mizani mbele yake, lakini anapimwa. Myombekere naye hasalimiki na maneno ya watu, ila mzigo haugawanywi sawa: ni Bugonoka anayeondolewa nyumbani. Msomaji anayetaka kuurudisha uzima katika lugha ya afya hana budi kukumbuka hilo. Dhana ya ukamilifu huweza kuwa pana kiasi cha kumkumbatia kila mtu, na huweza kuwa nyembamba kiasi cha kumtupa nje mgumba, mlemavu na mzee.

Kiswahili chenyewe kimeacha alama ya mvutano huo. Mwanamke mwenye mimba huitwa mjamzito. Ni hali ambayo uzito, badala ya kushtakiwa, unaheshimiwa. Lakini heshima hiyo ina masharti: inamwendea aliyebeba mtoto, na huisha anapojifungua. Mama yuleyule, miezi michache baadaye, anaweza kuambiwa kwenye foleni ya kliniki kwamba amejiachia. Mwili haujabadilika sana. Kilichobadilika ni kazi ambayo jamii inautarajia uifanye.

6. Kadi ya mtoto: mizani inayouliza

Ingekuwa kosa kuhitimisha kwamba mizani ni adui. Kadi ya kliniki ya mtoto inaonesha matumizi mengine. Katika kadi iliyotumika Tanzania kwa miaka mingi, uzito wa mtoto uliwekwa alama juu ya mchoro wenye rangi: kijani, kijivu na nyekundu. Kilichosomwa hasa si nukta moja, bali mstari unaoziunganisha nukta: unapanda, umelala, au unashuka. Mtoto mdogo wa umbo ambaye mstari wake unapanda anaendelea vizuri. Mkubwa ambaye mstari wake umelala anahitaji kuangaliwa. Kadi inamlinganisha mtoto na nafsi yake ya mwezi uliopita.

Aidha, mstari unaposhuka, swali la kwanza haliwi kosa la mtoto. Muuguzi huuliza kuhusu kuharisha, homa, kunyonya, na chakula cha nyumbani. Utepe wa kupima mzingo wa mkono, unaotumiwa pia katika Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, hufanya kazi hiyohiyo: rangi yake nyekundu ni wito wa msaada. Huu ndio usomaji wa mchungaji uliotajwa hapo awali, unaoanza kwa malisho na maji. Hivyo mkabala unaodhaniwa kuwa mpya umekuwa ukitumika kwenye mizani ya kuning'inia chini ya mti, kwa wagonjwa wadogo wasioweza kulaumiwa.

Swali linalobaki ni kwa nini mtu anapovuka umri fulani mizani ileile huacha kuuliza na kuanza kujibu. Kwa mtoto, uzito ni alama inayofungua mazungumzo. Kwa mtu mzima, hasa mwanamke, uzito huyafunga: goti likiuma, apungue, kichwa kikiuma, apungue, usingizi ukikosekana, apungue. Mkulima wa Nyamwaga anayeinama shambani tangu alfajiri na mama mwenye duka Sirari anayekaa kitini mchana kutwa huweza kusomeka sawa kwenye mizani, na hali zao za afya zisifanane hata kidogo. Namba moja haiwezi kuwatenganisha. Mazungumzo yanaweza.

7. Hitimisho

Uhakiki huu umeonesha kwamba hakuna upande mmoja wa lugha unaoweza kutegemewa bila kuhakikiwa. Sifa ya unene katika lugha ya kila siku huweza kuficha maradhi na kumfanya mwembamba aonekane anayekufa. Lawama ya unene katika istilahi rasmi huweza kumfukuza mgonjwa kabla hajapimwa. Zote mbili zina kosa moja: zinamaliza kusoma mwili kwa kuutazama. Mkabala jumuishi wa uzito, kama unavyopendekezwa hapa, si kuchukua sifa ya zamani na kuitumia dhidi ya lawama mpya. Ni kuukatalia uzito, mkubwa kwa mdogo, cheo cha hakimu.

Kwa wanaisimu na waundaji wa istilahi, matokeo yake ni ya moja kwa moja. Kiribatumbo iachwe, na mahali pake patumike maneno yanayotaja hali bila kumchora mtu, kama vile uzito mkubwa, yakiambatana na kipimo cha hatari inayozungumzwa. Matini za kisukari zitaje wazi kwamba ugonjwa huo huwapata wembamba pia. Tafsiri za vipeperushi zijaribiwe kwa wasomaji ambao Kiswahili si lugha yao ya kwanza, kwani katika Tarime na Serengeti hao ndio wasomaji wa kawaida, nao ndio wanaosikia kiriba ndani ya kiribatumbo. Kwa wahakiki wa fasihi, riwaya ya Kitereza inabaki kuwa somo lisilokwisha: inaonesha jinsi uzima unavyojengwa na watu wengi, na jinsi unavyoweza kumwangukia mmoja.

Lugha ya afya haiwezi kuleta mvua, kushusha bei ya maharage wala kufupisha njia ya kwenda zahanati. Inaweza kufanya jambo dogo lenye maana: kuamua ni swali lipi litangulie. Mtu akishuka kwenye mizani na kuulizwa "u mzima?" kwa nia ya kusikiliza jibu, yumkini atalisema lile lililomleta.